Sotoka ya Mbuzi na Kondoo: Tupime Kabla ya Kuchoma Sindano



Ukurasa huu umezoea kuzungumzia afya ya watu: malaria, lishe ya watoto, maji ya kunywa. Mwezi huu tunaingia zizini. Wapo watakaouliza mbuzi anahusika nini na afya ya familia. Katika mkoa wetu wa Simiyu swali hilo halihitaji jibu refu. Pamba huuzwa mara moja kwa mwaka, mbuzi huuzwa siku yoyote. Mtoto akizidiwa usiku, nauli ya hospitali asubuhi mara nyingi ni mbuzi. Sare ya shule ni mbuzi, mchango wa msiba ni mbuzi, mbegu za msimu ujao ni mbuzi. Mjane mwenye mbuzi tisa akipoteza saba katika wiki mbili, amepoteza akiba yake yote, na wa kwanza kuonja hasara hiyo ni watoto wake.

Mwezi Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua hapa hapa Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Ng'ombe wanachanjwa homa ya mapafu, mbuzi na kondoo wanachanjwa sotoka, na kuku wanachanjwa kideri na magonjwa mengine. Serikali iliahidi kubeba nusu ya gharama ya chanjo kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, na kuku wachanjwe bure. Mnyama aliyechanjwa anavalishwa hereni. Habari za chanjo, basi, zimetufikia wengi. Lakini kuna neno jingine ambalo halitajwi sana mnadani wala kwenye jumuiya zetu, nalo ni kipimo. Bila kipimo hatujui tunapigana na nani.

SOTOKA NI MBILI

Neno sotoka lina historia nzito. Sotoka ya ng'ombe iliingia Afrika Mashariki ikitokea kaskazini yapata mwaka 1890, ikafyeka ng'ombe, nyati na nyumbu. Jamii nzima za wafugaji zilibaki na mazizi matupu, na njaa ikafuata. Ugonjwa huo leo haupo tena duniani. Hapa Tanzania ulionekana mara ya mwisho mwaka 1997. Duniani kote, mara ya mwisho ulipoonekana ilikuwa kwa nyati wa Hifadhi ya Meru nchini Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 ulitangazwa rasmi kuwa umetokomezwa. Ukiacha ndui ya binadamu, hakuna maradhi mengine ambayo mwanadamu amefaulu kuyafuta kabisa.

Sotoka ya mbuzi na kondoo ni nyingine. Bwana Mifugo huiita PPR, kifupi cha jina lake la Kifaransa, kwa sababu iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1942 huko Kodivaa, Afrika Magharibi. Kwa miaka mingi hata mabingwa walidhani ni ile ile sotoka ya ng'ombe iliyozoea mbuzi. Ilihitaji kazi ndefu ya maabara hadi mwaka 1979 ndipo ikathibitika kwamba kirusi chake ni cha peke yake. Virusi hivi viwili ni ndugu, na ndugu yao wa tatu mnamfahamu wote: surua ya watoto wetu. Hata hivyo mbuzi hamwambukizi mtu surua, wala sotoka ya mbuzi haimpati binadamu.

Nchini kwetu ilithibitishwa mwaka 2008, katika wilaya za kaskazini, Ngorongoro ikiwemo. Ngorongoro ni majirani zetu. Wa Meatu wanalijua hilo kuliko sisi wa mjini Bariadi. Kilichowashtua wataalamu ni kwamba walipochunguza damu ya mbuzi na kondoo iliyokuwa imehifadhiwa tangu mwaka 2004, wakaikuta na alama za ugonjwa huo. Maana yake ulikuwa umetembea miaka minne nchini kabla haujapewa jina. Katika miaka hiyo mbuzi waliokufa waliandikiwa sababu nyingine, au hawakuandikiwa kabisa.

Kisha ukaruka. Mwaka 2009 ulijitokeza Newala na baadaye ukathibitishwa Tandahimba, mkoani Mtwara, umbali mkubwa kabisa kutoka Ngorongoro. Wachunguzi walipofuatilia walikuta kwamba mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam, ndio waliohusishwa na kuingia kwake. Mbuzi aliyeambukizwa hukaa siku nne hadi sita hivi bila dalili. Siku hizo anapandishwa gari, anasafiri, anashushwa, anaunganishwa na wenzake, na kwa macho ni mzima kabisa.

DAMU YA NYUMBU ILISEMA NINI

Tunaishi kando ya Pori la Akiba la Maswa na Hifadhi ya Serengeti, kwa hiyo mfano huu ni wa nyumbani. Zamani watu wengi, wakiwemo wasomi, waliamini kwamba nyumbu na nyati ndio ghala la sotoka, na kwamba ng'ombe wa wananchi wanaupata kutoka porini. Kama ingekuwa hivyo, kuchanja ng'ombe kungekuwa kazi isiyo na mwisho, maana nani atawachanja nyumbu?

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwepo chanjo mpya iliyotengenezwa na Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya. Ng'ombe wa maeneo yanayozunguka Serengeti wakachanjwa. Ndipo Plowright na McCulloch wakapima damu ya nyumbu, wakitafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaandaa baada ya kupambana na ugonjwa fulani. Askari hao hubaki katika damu kama ushahidi. Nyumbu wakubwa walikuwa nao. Nyumbu waliozaliwa kuanzia mwaka 1963 hawakuwa nao. Hakuna aliyewachanja nyumbu, lakini virusi vilikuwa vimeacha kuwafikia tangu ng'ombe walipokingwa. Kumbe ni ng'ombe waliokuwa wakiwaambukiza nyumbu! Nyumbu, ambao mwaka 1961 walikadiriwa kuwa laki mbili na nusu hivi, walipita milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha.

Tafadhali tuone uzito wa jambo hilo. Kipimo cha damu kiligeuza mpango mzima wa vita, na tangu hapo ilijulikana kwamba sotoka inaweza kushindwa kwa kulinda ng'ombe peke yao. Walipolegea, iliwarudia: mwaka 1982 sotoka iliua tena nyati katika Serengeti. Na mwishoni, nchi haikuruhusiwa kujitangaza kuwa safi kwa sababu tu haijaona mnyama mgonjwa. Ilibidi iache kuchanja, kisha ipime damu ya ndama waliozaliwa baadaye. Kingamwili zikikutwa kwa ndama asiyechanjwa, kirusi bado kipo mahali fulani.

Jambo kama hilo limeonekana pia katika ugonjwa wa miguu na midomo kwa ng'ombe. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Tanzania, karibu na Serengeti, na kutolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba ugonjwa huo huja kwa mawimbi ya aina tofauti za kirusi: O, A, SAT 1 na SAT 2, na kwamba chanzo kikubwa ni ng'ombe kwa ng'ombe kuliko nyati. Chanjo ya aina moja haimkingi ng'ombe dhidi ya aina nyingine. Bila kupima, unaweza kununua chanjo nzuri kabisa isiyo na faida kwako.

DALILI ZINAZODANGANYA

Sotoka ya mbuzi huanza kwa homa kali. Mnyama husinyaa, huacha kula, macho na pua hutoa majimaji ambayo baadaye huwa mazito kama usaha na kuganda. Midomoni na kwenye fizi hutokea vidonda, na pumzi hunuka vibaya. Kuhara hufuata, kisha kukohoa na kupumua kwa shida. Wenye mimba huharibu. Katika kundi ambalo halijawahi kuupata, wanaweza kufa wengi sana, hata tisa kati ya kumi, hasa watoto wa mbuzi.

Tatizo ni kwamba hakuna hata dalili moja hapo iliyo mali ya sotoka peke yake. Homa ya mapafu ya mbuzi, ambayo haisababishwi na kirusi, huleta kikohozi na vifo vya haraka. Ndui ya mbuzi huleta vipele na makamasi. Ugonjwa wa vidonda vya midomo huwavimbisha watoto wa mbuzi midomo na kuleta magamba. Minyoo huharisha. Ugonjwa wa miguu na midomo nao huwapata mbuzi, mara nyingi kwa upole hata usiuone. Wafugaji wazoefu watasema, na ni kweli, kwamba homa ya mapafu haiharishi wala haitoi vidonda mdomoni, na kondoo kwa kawaida huachwa. Lakini hapa Tanzania wamekutwa mbuzi wenye magonjwa hayo mawili kwa pamoja. Hapo uzoefu wa macho unagonga mwamba.

Na kosa lina bei. Homa ya mapafu hutibika kwa dawa za kuua bakteria zikitolewa mapema. Sotoka haina dawa inayoua kirusi chake. Dawa hizo zinaweza kuzuia magonjwa nyemelezi ya mapafu, basi. Mara nyingi hutokea hivi: mbuzi wa kwanza anaugua, mwenye mbuzi anakimbilia duka la dawa, anachoma sindano kundi zima kwa sindano moja bila kuichemsha. Wiki ya pili wamekufa watano, fedha imekwisha, na waliobaki wameuzwa kwa jirani. Laiti mbuzi yule wa kwanza angepimwa, jirani angechanja wake kwa wakati.

KIPIMO KINAFANYAJE KAZI

Vipimo vya sotoka ni vya namna mbili, na kila kimoja kina wakati wake. Kuna vinavyotafuta kirusi chenyewe, na kuna vinavyotafuta kingamwili.

Kirusi hutafutwa kwenye majimaji ya macho, pua na mdomo, kwa kutumia kijiti chenye pamba, katika siku za kwanza za homa. Kipo kitepe kidogo kinachotumika hapo hapo zizini, ndugu wa kile kipimo cha haraka cha malaria mnachokijua zahanati. Jibu lake hupatikana kwa muda usiozidi nusu saa. Mstari ukionekana, kuna sababu ya kuchukua hatua siku hiyo hiyo. Usipoonekana, kazi haijaisha, kwani sampuli yaweza kuwa ilichukuliwa mapema mno au kwa kuchelewa, na hapo maabara ndiyo inayoamua. Maabara ina kipimo kinachokuza chembe za urithi za kirusi hadi zionekane, hata zikiwa chache sana.

Kingamwili hutafutwa kwenye damu. Huanza kuonekana baada ya wiki moja hadi siku kumi hivi tangu mnyama aambukizwe, na aliyepona hukaa nazo kwa miaka. Damu hukingwa katika chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, huachwa igande, kisha majimaji ya rangi ya njano yanayojitenga juu ndiyo hupimwa. Kipimo hiki hakikuambii kama mbuzi anaumwa leo. Kinakuambia kama kirusi kimewahi kupita katika mwili wake, au kama amechanjwa.

Hapo kwenye “au” ndipo penye ugumu. Vipimo vya kawaida vya sotoka ya mbuzi havitofautishi kingamwili za chanjo na za ugonjwa. Mbuzi aliyechanjwa na mbuzi aliyeugua akapona wanatoa jibu lile lile. Kwa hiyo hereni iliyoko sikioni na kumbukumbu ya tarehe ya chanjo ndizo zinazomwezesha mtaalamu kuisoma damu. Wapo waliong'oa hereni kwa kuhofu kodi au kwa kuona ni kero tu. Sisi tunaona wanajinyima ushahidi wao wenyewe.

Sampuli zetu kwa kawaida huelekea Mwanza, kwenye maabara ya kanda ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, na nyingine huendelea hadi makao makuu Temeke, Dar es Salaam. Safari hiyo ni ya kwenye barafu. Kirusi hiki hakivumilii joto wala jua. Kijiti kilichosahauliwa juani kwenye pikipiki kutoka kijijini hadi Bariadi mjini kitatoa jibu la “hakuna”, na jibu hilo litakuwa la uongo.

FAMILIA INAWEZA KUFANYA NINI

Kuchukua sampuli si kazi yetu, ni ya mtaalamu. Yetu ni kumwita mapema na kumwonyesha mnyama anayefaa. Watu wengi humwonyesha yule aliyelala, anayekaribia kufa. Afadhali aonyeshwe yule aliyeanza homa jana au juzi, mwenye majimaji mepesi ya macho, ambaye hajachomwa dawa. Afadhali pia wawe watano kuliko mmoja. Aliyekufa muda si mrefu anaweza kusaidia, kwani wengu na mapafu yake hupimwa; aliyeoza hasaidii lolote.

Mwambieni ukweli Bwana Mifugo. Walichanjwa lini? Mmewapa dawa gani? Kuna mbuzi aliyenunuliwa mwezi huu, aliyeletwa kwa mahari, au aliyerudishwa kutoka kwa ndugu mliyemwachia? Desturi yetu ya kuwaweka mifugo kwa jamaa na marafiki ni nzuri, lakini ugonjwa nao husafiri kwa njia hiyo. Wakati mkisubiri majibu watengeni wagonjwa, wazima wasinywe nao birika moja, na pasitoke mbuzi yeyote kwenda mnadani.

Tujue pia kwamba anayehofiwa kuugua hachanjwi, ila wazima walio jirani. Chanjo ya sotoka humkinga mbuzi kwa miaka mitatu au zaidi. Watoto wa mama aliyechanjwa husubiri hadi miezi mitatu au minne, kwa kuwa kinga ya maziwa ya mama huizuia chanjo kufanya kazi kabla ya hapo.

Kuna jambo moja linalohusu maisha ya watu moja kwa moja. Mnyama aliyekufa ghafla, tumbo limevimba, damu inatoka puani au njia ya haja na haigandi, asipasuliwe na mtu yeyote, hata kwa ajili ya kipimo. Huenda ni kimeta, na kimeta huua watu. Hali kadhalika, mbuzi, kondoo na ng'ombe wengi wakiharibu mimba kwa pamoja baada ya mvua kubwa, msishike vitoto wala kondo kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe. Huenda ni homa ya bonde la ufa, ambayo mwaka 2007 iliua zaidi ya watu 100 nchini. Akina mama na vijana wachungaji ndio wanaoshika vitu hivyo mara nyingi. Ni kipimo tu kinachotenganisha homa hiyo na sotoka.

HOFU YA KARANTINI

Tusijifiche: wengi hawaiti mtaalamu kwa sababu wanaogopa jibu. Ugonjwa ukithibitishwa, mifugo huzuiwa kutoka, na mnada waweza kufungwa. Kwa familia iliyotegemea kuuza mbuzi Jumamosi hii, hilo ni pigo la kweli, na hatupendi kulisema kana kwamba ni jambo dogo. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mwenye mnyama atoe taarifa, lakini sheria haijazi sufuria. Ndiyo maana tunaona halmashauri na viongozi wa vijiji wana wajibu wa kuhakikisha majibu yanarudi upesi. Mfugaji aliyetoa damu ya mbuzi wake asipoletewa jibu, mara nyingine hataita mtu.

Pamoja na hayo, anayejua mbuzi wake wanaumwa akawapeleka mnadani alfajiri kabla habari hazijaenea, amemwibia mnunuzi, hata kama alimpunguzia bei. Wanajumuiya waambiane hilo bila kuoneana haya. Na jumuiya ambayo mmoja wake amefungiwa zizi inaweza kumsaidia kwa mahindi na nauli hadi karantini iishe.

Mwaka 2015, mjini Abidjan, katika nchi ile ile ulikoandikwa ugonjwa huu mara ya kwanza, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani walizindua mpango wa kuifuta sotoka ya mbuzi ifikapo mwaka 2030. Mpango huo unafuata njia ya sotoka ya ng'ombe: chanjo, kisha damu. Huko Mongolia, kati ya mwisho wa 2016 na 2017, sotoka ya mbuzi iliwaingia swala wa nyikani waitwao saiga na kuua zaidi ya nusu yao. Hapa kwetu kingamwili zake zimekutwa kwa wanyama wa Serengeti na Ngorongoro, nyumbu na nyati wakiwemo, ingawa hawakuonekana wagonjwa. Swali la miaka ya 1960 limerudi: nani anamwambukiza nani? Damu ya mbuzi wa Meatu, Itilima, Busega, Maswa na Bariadi ni sehemu ya jibu.

Mbuzi au kondoo mpya, awe wa kununua au wa zawadi, akae peke yake siku 21 kabla ya kuingia zizini. Tarehe aliyofika, alikotoka, namba ya hereni na tarehe ya chanjo viandikwe kwenye daftari. Daftari la shule lililobaki kurasa linatosha, na mtoto wa darasa la tano anaweza kulitunza.